Gurudumu la Baba Mkwe

Filister alipowaambia majirani wa ploti kwamba familia yake inaenda likizo nje ya nchi, walimuuliza ndege inaruka saa ngapi. Aliposema wanaenda Tanzania, tena kwa baiskeli, Phanice wa nyumba ya tatu aliweka beseni la nguo chini ili acheke vizuri.

"Yawa, Nyar Kisegi! Mabasi yako, pikipiki ziko, wewe unataka kufika kwa wakwe umeloa jasho kama punda wa maji?"

"Nitafika nimeona njia," Filister akajibu, akaendelea kuanika.

Hapo Rongo wengi walimwita hivyo, Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, kwa sababu alitoka huko Suba Kusini, ziwani. Wanafunzi wa chuo walimwita Mathe wa Baiskeli, yaani mama. Kila asubuhi alikuwa getini kwao na ndoo ya mandazi imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tiubu, na hakuna siku aliyoangusha hata moja. Baiskeli aliijua tangu ana miaka kumi. Mama yake alikuwa akipeleka omena, dagaa wa ziwani, soko la Magunga, na mgongo ulipoanza kumsumbua, Filister akachukua ile baiskeli kubwa ya nyumbani. Miguu haikufika kwenye pedeli akiwa juu, kwa hiyo alipitisha mguu mmoja chini ya bomba, mwili umeinama upande kama mtu anayechungulia dirishani, akakanyaga hivyo hivyo na gunia la omena nyuma. Darasa la nane alimaliza kwa alama nzuri. Mgongo wa mama ulikuwa umekataa kabisa mwaka ule, na soko halikungoja mtu asome.

Mlima wa kwao, ukiupanda siku isiyo na ukungu, ulionyesha mstari wa nchi kavu kusini kabisa mwa ziwa. Baba yake alimwambia pale ni Tanzania. Filister alikua akiutazama ule mstari. Alitaka siku moja asimame kule, aitazame milima yao ya Gwassi kwa upande wake wa nyuma, kama mtu anavyotaka kujua nguo aliyovaa inakaaje mgongoni.

Akaolewa na Bonface Mirumbe, Mkuria wa Kehancha, mpishi katika shule moja ya bweni pale Rongo. Yeye Mjaluo, mume Mkuria, lugha ya nyumbani ikawa Kiswahili, na mtoto wao Lynnet, mwenye miaka saba, akawa anagombana kwa lugha tatu. Wazazi wa Bonface walikuwa wamehamia zamani ng'ambo ya mpaka, karibu na Tarime. Miaka minane Bonface alisema, "Tutaenda, tutaona ziwa upande ule." Mwaka huu shule zilipofungwa Agosti alipewa siku kumi. Filister hakusubiri aseme mara ya tisa. Alipaka mafuta cheni za baiskeli mbili.

Waliondoka Jumatatu, yeye amembeba Lynnet kwenye keria, Bonface amebeba blanketi, sufuria na nguo. Walipita miwa ya Awendo, wakalala Migori, Jumanne wakakanyaga mpaka Isebania. Afisa wa mpakani alizitazama baiskeli, akamtazama Filister, akauliza kama wanaenda mashindano.

"Tunaenda kutembea," Filister akasema.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu."

Walipovuka, Lynnet aligeuka nyuma mara tatu. "Mama, mpaka uko wapi? Sioni mstari."

"Tumeupita."

"Na haukuuma?"

Filister alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Iliyumba vibaya zaidi jioni ile, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya boma la wakwe. Ng'ombe walitokea kichakani bila mchungaji. Filister aliona pembe, akamkumbuka mtoto aliye nyuma, akaelekeza baiskeli mtaroni. Lynnet aliangukia nyasi, akaamka akidai kurudia. Lakini gurudumu la mbele lilikuwa limekula jiwe. Rimu ilipinda ikawa nane kabisa, spoki saba zimekatika. Wakaingia bomani wakisukuma.

Walipokelewa vizuri. Mama mkwe, Bathsheba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alimkumbatia mjukuu mpaka kofia ikadondoka. Baba mkwe, Mzee Mirumbe, alisalimiwa kwa mbali, kama heshima inavyotaka. Mkamwana hamshiki mkono baba mkwe, halali wala hakai anapokaa yeye, na jambo lao likiwapo linapita kwa mama. Filister aliyajua hayo. Hata kwao Gwassi mtu hakalii kiti cha baba mkwe. Alisimama mbali, akainama, akasema shikamoo yake, na mzee akamjibu akitazama ghala. Mambo yakawa sawa. Fundi wa baiskeli, waliambiwa, huja Jumatatu tu, siku ya soko. Bonface akasema wataazima baiskeli mahali, kesho wapumzike kidogo halafu waende ziwani, Shirati, warudi Jumamosi. Jumatatu safari ya nyumbani.

Kosa lilitokea Jumatano kabla ya chai. Filister aliamka mapema, kama mkamwana anavyotakiwa, akataka kuchota maji. Kisima cha pampu kilikuwa mbali, na chini ya ghala kulikuwa na baiskeli nyeusi, ya mtindo uleule kama yake, imeegemezwa. Kwake Rongo baiskeli ni ya nyumba, anayeihitaji anachukua. Alifunga madumu mawili kwenye keria, akapanda, akaenda, akarudi akiimba kwa pua.

Mzee Mirumbe alikuwa amesimama getini na mswaki mdomoni.

Aliuondoa mswaki, akageuka, akaenda kukaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba. Bathsheba akatoka jikoni mbio, mkono kichwani. "Mwanangu, umefanya nini? Hiyo ni baiskeli ya baba yako!"

Ndipo Filister alipoelewa. Kiti, kitanda, kigoda, hivyo alifundishwa. Baiskeli hakuna aliyemtajia. Lakini nayo ina kiti, na juu ya kile kiti alikuwa amekaa mzee, na sasa amekaa yeye.

Wakakusanyika uani, mzee kwenye kigoda, Filister kando ya ukuta wa jiko, Bathsheba katikati, Bonface amesimama kama mtu aliyeitwa ofisini. Lynnet alipewa kiazi akae kimya.

"Mwambie mke wa mwanao," mzee alisema, akimtazama kuku aliyekuwa akipita, "kwamba pale alipokalia nimepakalia mimi miaka kumi na tisa. Sasa nitapakaliaje?"

"Amesikia," Bathsheba akasema. "Masikio anayo."

"Mama, mwambie baba nimekosa. Sikujua. Naomba anisamehe."

"Mwambie kutojua hakuondoi kosa. Ndugu yangu atakuja Jumapili. Atachinja kuku, atasema maneno yake, baiskeli itarudi kuwa baiskeli. Mpaka hapo akae hapa nyumbani, na asipande kitu chochote chenye magurudumu."

Jumapili. Filister alihesabu kichwani. Jumatatu ni kurudi. Maana yake ziwa limekwenda. Alimtazama Bonface, akingoja aseme neno. Bonface alitazama vidole vya miguu yake.

Alisema baadaye, ndani ya nyumba waliyolala, kwa sauti ya chini. "Baba akishasema, amesema. Labda mimi na Lynnet tuende, wewe upumzike. Nitakupigia picha za ziwa. Nyingi."

Filister alikuwa akikunja blanketi. Akaacha.

"Picha?"

"Nzuri. Simu hii inatoa vizuri."

"Bonface, nimekanyaga pedeli kutoka Rongo nikiwa na mtoto nyuma. Wewe ulibeba sufuria. Sufuria haiulizi maswali njia nzima." Hakupaza sauti, maana ndani ya boma la wakwe sauti ya mkamwana haipandi. "Miaka minane nimeenda matanga, nimeenda harusi, nimeenda kliniki, nimeenda kwa mwalimu kuitwa. Sijawahi kwenda mahali kwa sababu nataka tu kwenda. Hata siku moja. Sasa nimefika mpaka hapa, halafu unipigie picha?"

Bonface akakaa kitandani. "Sasa utaendaje? Baiskeli yako imekufa. Yake huwezi kuigusa."

Kupitia mlango Filister aliona baiskeli mbili, ya mzee chini ya ghala, yake imelala kando kama mbuzi mgonjwa. Ukubwa mmoja, mtindo mmoja, breki za chuma zilezile. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha alifunga kitambaa kichwani upya, akakaza fundo, akatoka.

Mzee alikuwa bado kwenye kigoda. Bathsheba alikuwa akipepeta mtama. Filister akasimama palepale ukutani.

"Mama, mwambie baba kosa langu nalikubali. Jumapili nitakuwa hapa mbele yake, kuku achinjwe, maneno yasemwe, nitakachonyweshwa nitakunywa. Baiskeli yake sitaipanda tena, hata ibaki peke yake Tarime nzima. Lakini namwomba gurudumu la mbele."

Ungo ukasimama hewani.

"La nini?" Bathsheba akauliza.

"Nilitie kwenye baiskeli yangu. Nitakalia kiti changu mwenyewe. Gurudumu hajalikalia mtu, si yeye wala si mimi."

Bathsheba aliinua upindo wa kanga akaziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika. Mzee hakucheka.

"Mwambie nimesema asipande chochote."

"Mwambie hilo nimelikataa," Filister akasema.

Bonface, aliyekuwa ametokea mlangoni, alikohoa kama aliyepaliwa na ugali. Filister hakuinamisha kichwa. Alitazama kando tu, kwa heshima, kwenye ghala.

"Anamkatalia nani?" Mzee Mirumbe alisahau kuku wake, akamtazama mkamwana moja kwa moja.

"Anakukatalia wewe," Bathsheba akasema, akaweka ungo chini. "Umesikia, nami nimesikia. Sasa mimi nina swali langu. Ile baiskeli, Mirumbe, ilinunuliwa kwa muhogo wa nani?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Wa nani?"

"Wako."

"Magunia kumi na moja. Niliyabeba kichwani mpaka Sirari, moja baada ya jingine. Baiskeli ikaja. Ukasema mwanamke hapandi, nikakubali. Siku za soko wewe ukapanda, mimi nikatembea nyuma na mzigo, na wewe ukaendesha polepole ili nisipotee. Miaka kumi na tisa. Nilisema kitu?"

"Hukusema."

"Leo nasema. Nusu ya mbele ni yangu, na hiyo nampa huyu. Nusu ya nyuma ibaki na kiti chako."

"Na nikitaka kwenda sokoni?"

"Utatembea. Mimi nitakwenda polepole usipotee."

Mzee akasimama. Akachukua fimbo, akaangalia mbingu kama mtu anayekagua mvua, akaelekea zizini.

"Hajasema ndiyo," Bonface akanong'ona.

Filister alikuwa ameshachuchumaa, spana iko kwenye nati. "Nishikie uma huu usianguke."

Bonface alisita kidogo tu. Kisha akaja akashika.

Kazi ilichukua nusu saa. Nati ya upande wa kushoto ilikuwa na kutu ya miaka yote ile, na Filister aliimwagia mafuta ya taa, akaigonga, akaibembeleza, akaigonga tena. Bathsheba alisimama juu yake akitoa ushauri ambao haukuhitajika. Gurudumu likaingia. Likazunguka bila kugusa breki.

Ndani ya boma hakupanda. Alisukuma baiskeli mpaka getini, Bonface akifuata na yake, akapita geti kwa miguu, na mzee alikuwa zizini ng'ambo ya njia, amewapa mgongo. Filister akampandisha Lynnet kwenye keria. Akapanda pale pale, katikati ya njia, mahali ambapo mtu aliye zizini akitaka kuona ataona, akapiga kengele mara moja na kukanyaga. Mgongo wa mzee haukugeuka.

Njia ya Utegi ilikuwa na kokoto na mawe makubwa kila upande, mengine yamekalia mengine, na juu yake muhogo mweupe umeanikwa. Filister alitazama kila kitu. Aliona wanawake wakipalilia mtama wakiwa wamejipanga mstari mmoja, aliona mbwa aliyefungwa njuga, aliona shule yenye mti mmoja na wanafunzi wote wamesongamana kwenye kivuli chake. Lynnet aliuliza na yeye akajibu, na asilolijua akasema hajui. Kwenye kilima kimoja aliwaacha nyuma wanaume wawili waliokuwa wakisukuma baiskeli zao.

"Mura!" mmoja akampigia Bonface kelele, akimwita kijana kwa Kikuria. "Mke wako amekukimbia!"

"Ana haraka!" Bonface akajibu, akihema.

"Na wewe?"

"Mimi namfuata!"

Juu ya kilima Filister aliwasubiri, wakanywa maji. Bonface alifuta jasho kwa kofia.

"Ile ya picha nilikosea."

"Ulikosea."

Akangoja, labda aongezewe kitu kitamu. Hakuongezewa. "Basi," akasema.

"Kanyaga," Filister akasema, lakini alimpa maji yaliyobaki.

Utegi walisikia Kijaluo kila kibanda. Filister alisimama na baiskeli yake katikati ya soko la nchi ya kigeni, akisikia wanawake wakibishana juu ya bei ya viazi kwa lugha ya mama yake. Mmoja alimuuliza ni nyar kanye, binti wa wapi, na aliposikia Kisegi akamshika mkono asimwachilie. Wakalala kwa mwanamke huyo usiku ule, wote watatu kwenye godoro moja, kwa sababu tu Filister alitoka ng'ambo ya maji.

Alhamisi kabla ya jua kuwa kali waliingia Shirati, wakashuka mpaka ufukweni. Upepo ulikuwa umefagia kila kitu. Na kule kaskazini, mbali, bluu nzito juu ya bluu nyepesi, ikakaa milima ya Gwassi, kubwa kuliko alivyofikiri. Alipoishi juu yake aliiona mawe na mahangaiko ya kupanda. Kwa huku ilikuwa kitu kimoja kizima. Filister aliweka baiskeli chini, akasimama. Mahali fulani chini ya ile bluu palikuwa na kaburi la baba yake, na mama yake ameketi akinyoosha mgongo, asijue kwamba anatazamwa.

"Mama, unalia?"

"Upepo."

Lynnet aliridhika, akaingia majini mpaka magotini.

Simu ya Bonface ikalia. Alipokea, akasimama wima kidogo, akasikiliza. "Ndiyo, baba. Ndiyo." Akaifunika simu kwa kiganja, akamgeukia Filister, na uso wake ulikuwa uleule wa jana uani.

"Baba mkubwa amefika leo. Hakungoja Jumapili. Kuku amefungwa tayari. Baba anasema turudi sasa hivi, jioni tuwe pale. Anasema..." Akageukia maji. "Anasema usipofika leo, geti usilipite tena."

Filister alitazama milima. Hajamaliza kuitazama. Alikuwa na Alhamisi yote, Ijumaa yote, na kipande cha Jumamosi. Hofu ilikuwapo, hakuikana. Geti la wakwe si kitu cha mchezo kwa mwanamke mwenye mtoto. Lakini mzee ndiye aliyetaja siku, mbele ya kuku na binadamu, na yeye aliikubali.

"Alisema Jumapili," akasema. "Jumapili nitakuwa pale asubuhi, nimeoga, nimepiga magoti. Leo siendi."

"Filister."

"Kama unataka kurudi, baiskeli yako ile pale. Mimi na mtoto tunabaki."

Bonface aliitazama simu kama sufuria iliyotolewa motoni bila kitambaa. Akaitazama baiskeli yake. Kisha akairudisha simu sikioni.

"Baba. Ulisema Jumapili." Sauti ilitoka ndogo, akakohoa, akaianza upya. "Wewe mwenyewe ulisema Jumapili. Tutarudi siku uliyosema... Hapana, baba, si yeye anayesema. Ni mimi... Ndiyo, hata kama utafunga. Nitabisha hodi nikiwa naye. Msalimie baba mkubwa, mpeni chai."

Akakata. Filister hakumsifu, wala hakumshukuru kwa alichopaswa kusema tangu jana. Alisogea tu karibu naye mpaka mabega yakagusana, wakasimama hivyo.

Baadaye mwanamke aliyekuwa akianika omena aliwauliza wanaelekea wapi sasa, akidhani wanatafuta njia ya kurudi. Filister akamuuliza ile njia inayofuata ufukwe kwenda kusini inafika wapi.

"Hiyo? Inaenda tu. Kuna vijiji, kuna mawe, kuna kanisa. Mnaenda kwa nani?"

"Hatuna mtu huko," Filister akasema, akampandisha Lynnet kwenye keria, akaunyanyua mguu kupita juu ya bomba.